Chumba Ambamo Hatukupeana Mikono

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha madaraja nilimnyooshea mkono Mpangaji Mkuu, naye akaniachia huo mkono hewani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na shemeji yangu wa Mabatini, viatu vya kuazima, na adabu zote nilizolelewa nazo. Nikasema, "Shikamoo mzee," nikainama kidogo, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko. Akajibu, "Marahaba," akautazama mkono wangu juu na chini kama mama anayekagua sato sokoni. Kisha akaniuliza, "Wewe umepaka mafuta asubuhi hii?"

"Ndiyo, mzee. Nimeoga vizuri."

"Nani amekuuliza habari za kuoga? Nenda kanawe. Kwenye karo kuna mkebe wa majivu. Sabuni usiguse. Ukirudi, usimpe mtu mkono humu ndani mpaka siku utakayostaafu."

Nilidhani mzee ana kiburi. Baadaye nikaelewa. Pamba nyuzi, yaani pamba iliyokwisha kutengwa na mbegu zake kinuni, ni kitu chenye wivu kuliko mimi. Ukiigusa kwa kidole chenye mafuta inashikana, inajikunja, inakudanganya. Nyuzi fupi zinaonekana ndefu, na dhaifu zinajifanya zina nguvu. Kwa hiyo katika chumba kile tulisalimiana kwa mdomo tu. Mtu akipata mtoto, hongera ya mdomo. Akifiwa, pole ya mdomo, kila mtu akiwa kwenye meza yake. Wageni walituona hatuna utu, hasa Wasukuma wenzangu, ambao wakikutana njiani salamu peke yake inaweza kumaliza robo saa. Sisi tulizoea.

Wajukuu zangu wakisikia nilikuwa mpanga madaraja wanadhani nilikuwa mwalimu wa shule. Basi niwaeleze. Chumba kilikuwa Igogo, ghorofani juu ya ghala, ziwa likionekana kwa mbali kati ya mabati. Dirisha moja kubwa la kioo liliangalia kusini, kwa sababu msimu wa pamba ukianza jua linakuwa limekaa kaskazini, na mwanga unaotufaa ni ule usiokuwa na jua ndani yake. Taa za umeme zilikuwa marufuku. Kila robota, yaani mzigo wa pamba iliyoshindiliwa, lililotoka kinuni lilikatwa kipande ubavu huu na ubavu ule, kikafungwa katika karatasi ya kaki yenye namba ya robota, na hiyo ndiyo sampuli. Sisi tulisimama kwenye meza ndefu zilizotandikwa kitambaa cheusi.

Kwanza unatazama rangi na takataka. Kisha unashika fungu dogo kwa vidole gumba na vya shahada, unalivuta likakatika, unatupa nusu, unalivuta tena, mpaka nyuzi zinalala sambamba kama nywele zilizochanwa. Unazilaza juu ya kitambaa cheusi, unapima urefu. Mwisho unazishika ncha zote mbili, unazisogeza karibu na sikio, unazikata kwa mkupuo mmoja. Pamba dhaifu inaachia kimya kimya. Pamba nzuri inagoma kwanza, halafu inalia "ta!" Mpangaji Mkuu alikuwa na uwezo wa kusikia mlio huo kutoka upande wa pili wa chumba, amefumba macho, akakuambia robota limetoka kinu gani. Mimi nilidhani anatutania, mpaka siku niliposhuka ngazi kwenda ghalani kuangalia na kukuta kweli.

Vyeti vya madaraja tuliviandika kwa Kiingereza kwa kuwa wanunuzi walikuwa ng'ambo. Maneno yake yalikuwa machache na makavu. Lakini upande wa kulia wa cheti kulikuwa na nafasi ya maelezo, na hapo Mpangaji Mkuu aliandika, mara tatu au nne tu kwa msimu mzima, neno moja: sturdy. Sisi wa chini tuliruhusiwa kulipendekeza kwa penseli. Yeye ama alilipitishia kalamu ya wino, ama alilifuta kwa kifutio chake, akapuliza vumbi, akaendelea na sampuli nyingine bila kukutazama.

Siku moja nilipata ujasiri nikamuuliza neno hilo lina nini hasa, maana kwenye kamusi ndogo niliyokuwa nayo lilikuwa limeandikwa "enye nguvu" na basi.

"Mabula, sikiliza," akasema. "Strong ni nguvu tu. Fahali ana nguvu, kesho amelala kwa ugonjwa wa ndigana. Hard ni ugumu. Jiwe ni gumu, lakini likipasuka limepasuka, halina la kukuambia. Hili neno ni la kitu kilichojengeka toka ndani. Mwingereza analisema kwa mguu wa meza, kwa viatu vya kutembelea porini, kwa mtoto aliyeshiba. Unakiegemea hakisogei. Unakivuta kinakataa, na hakikupigii kelele kwamba kimekataa."

"Kwa Kiswahili tuseme imara, mzee?"

"Umekaribia, ila imara ni ya nyumba. Kakamavu ni askari wa gwaride. Sugu ni malaria na wezi. Madhubuti ni hotuba. Wewe tafuta, ukilipata uniletee."

Vijana wa ghalani walilitamka kama neno letu "stadi", la fundi stadi, naye Mkuu aliwakemea kila mara kwamba maneno hayo hata ujirani hayana. Mimi sikujali linatamkwaje. Nilichotaka ni kuiona penseli yangu imefunikwa na wino wake. Miaka mitatu nililipendekeza, miaka mitatu lilifutwa.

Ndipo akaja Perpetua.

Alikuwa Mkerewe, mwembamba, sauti ya chini, ametokea chama cha msingi cha wakulima ambako alikuwa karani wa mizani. Huko alizoea kusimamia wakulima watenge pamba safi na fifi kabla ya kuuza. Fifi ndiyo ile yenye madoa, iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu. Alipewa meza inayotazamana na yangu. Aliniamkia vizuri, akaniita kaka Mabula, na siku ya kwanza hakumnyooshea mtu mkono kwa sababu alikuwa ameuliza ngazini kama kuna mwiko wowote. Hilo peke yake liliniudhi. Mimi mbona sikuwaza kuuliza?

Mwezi wake wa kwanza haujaisha, aliandika lile neno kwa penseli. Nikacheka moyoni, nikasubiri kifutio. Mpangaji Mkuu akavuta fungu moja, akasikiliza. Akavuta la pili. Akatoa kalamu ya wino.

Nasema wazi, maana umri huu sina wa kumdanganya: niliona wivu, na haukupita. Ulikaa. Nilichukia alivyokunja mikono ya blauzi. Nilichukia alivyoinamisha kichwa kusikiliza mlio, kwa sababu ndivyo alivyoinamisha Mkuu. Mchana akishuka kula, mimi nilibaki juu nikifungua upya sampuli zake, nikivuta nyuzi nilizodhani amekosea. Nikikuta amepatia, na karibu zote alipatia, nilizifunga tena nikiwa na hasira kuliko mtu aliyeibiwa. Na yeye, masikini, hakuwa na habari. Akitoka kwao likizo alikuwa ananiletea machungwa ya Ukerewe kwenye kikapu. Niliyala. Yalikuwa matamu sana, na hilo nalo lilinikera.

Mkuu alinituma msimu mmoja ng'ambo ya ziwa, kinu kimoja upande wa Sengerema, nikakae na Meneja wa kinu na kumfundisha kukata sampuli sawasawa. Meneja yule alikuwa mtu wa vitisho, alipenda kusema, "Mimi napeleka marobota, ninyi mnapeleka maneno." Nilikaa kule miezi minne, na kila kivuko cha Kamanga kilipoleta barua za ofisi nilitafuta kwanza nakala za vyeti, nione neno limeandikwa mara ngapi na kwa meza ya nani. Mara mbili. Zote meza ya Perpetua. Mke wangu alipokuja kunitembelea aliniambia, "Baba Lukas, huyo dada amekukosea nini?" Nikaendelea kufunua nakala.

Halafu soko likafunguliwa. Vijana mnasikia habari hizo redioni kama jambo la watu wa Dar es Salaam, lakini sisi tulizigusa kwa vidole. Zamani pamba yote ilipita ushirika. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori, kila mmoja akikimbilia kufika kijijini kabla ya mwenzake, na mtu mwenye haraka haulizi fifi iko wapi. Wakulima nao wakaona kumbe kutenga ni kujichosha bure. Tukaanza kukuta mchanga ndani ya sampuli. Tukakuta pamba iliyomwagiwa maji ili iwe nzito. Msimu mzima ukapita Mkuu hajatoa ile kalamu hata mara moja, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi, kwa sababu na Perpetua naye hakuwa na la kupendekeza.

Siku moja mnunuzi mmoja alipanda ngazi mwenyewe, jambo lisiloruhusiwa. Mtu mzima, tumbo mbele, suti ya kijivu, jasho. Perpetua alikuwa ameshusha daraja la shehena yake nzima. Akasimama mbele ya meza yake akapayuka, "Wewe mama, unajua pamba hii inakwenda wapi? Unajua mimi nakaa na nani? Andika upya!"

Sisi wengine tukainamia meza zetu. Nami niliinama, nikitamani, nasema kweli, nikitamani aandike upya.

Perpetua akasema, "Shikamoo mzee."

Yule bwana akababaika. "Marahaba. Andika upya."

"Pamba yako hii hapa, mzee, na mikono yako unayo. Vuta mwenyewe. Ikilia naandika upya sasa hivi."

Akamnyooshea fungu. Yule mtu, kwa kuwa watu wote tumeinua macho, akalipokea kwa vidole vilivyojaa pete, akavuta. Pamba ikaachia kimya. Akavuta tena. Kimya. Akalitupa sakafuni, akashuka ngazi akitukana ukoo mzima wa pamba. Perpetua akaokota lile fungu, akalirudisha kwenye karatasi yake ya kaki, akaendelea.

Mpangaji Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayejisemea, kwamba yule dada ni sturdy. Alilisema juu ya mtu! Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilisema juu ya mtu. Nyumbani siku ile sikula.

Jumamosi nilikwenda maktaba ya mkoa kutafuta kasoro ya lile neno. Msinicheke. Nilimwomba msimamizi ile kamusi kubwa isiyoazimwa, nikakaa nayo mezani kama wakili. Na nikapata! Kumbe neno lile Waingereza walilitoa kwa Wafaransa wa zamani, na kule lilianza likimaanisha mtu aliyepumbaa, aliyegongwa kichwani akawa haelewi. Likaja kuwa mtu mkali asiyeambilika, kisha mkaidi, na baada ya muda mrefu sana ndipo likatulia likawa sifa. Nikakuta na nyongeza: wafugaji wa kule wana ugonjwa wa kondoo wenye jina hilohilo, kondoo anazunguka zunguka mpaka anaanguka. Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa furaha chafu. Kondoo mwenye kizunguzungu! Hilo ndilo neno lake!

Jumatatu nikampelekea Mkuu habari, nimeziandika kwenye kijikaratasi. Akasoma, akavua miwani.

"Hili nalijua tangu nikiwa chuoni," akasema. "Wewe limekufurahisha nini?"

"Nimeona tu, mzee, kwamba asili yake ni mtu aliyepigwa akapumbaa."

"Enhe. Sasa mtu aliyepigwa kichwani, dunia inamzunguka, na bado amesimama. Huyo utamwitaje?"

Akanirudishia kijikaratasi changu.

Mwaka uliofuata barua ikaja kutoka makao makuu. Sampuli zimepungua, wanunuzi wengi hawazileti, kwa hiyo chumba kitabaki na mpanga madaraja mmoja chini ya Mkuu, na Mkuu mwenyewe akistaafu huyo ndiye atakayeshika nafasi. Wengine watapunguzwa kazi. Tulikuwa wanne, lakini kila mtu alijua ni mimi au Perpetua. Mimi nilikuwa na watoto watano na nyumba iliyofika kwenye linta. Yeye alikuwa anamtunza mama yake mgonjwa. Hayo nayaandika ili muelewe kwamba hakuna aliyekuwa anacheza. Ila nisijifiche nyuma ya watoto. Hata ningekuwa tajiri, nisingekubali abaki yeye.

Mkuu akasema hatachagua kwa maneno. Ataandaa sampuli ishirini zisizo na namba, amezipanga mwenyewe na kufungia majibu kabatini, na sisi wawili kila mmoja atazivuta mbele yake. Siku akaitangaza: Jumatano asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.

Ijumaa kabla ya hiyo Jumatano, Perpetua alipata habari kwamba mama yake amefariki. Akapanda boti kwenda Ukerewe kuzika. Tukadhani hatarudi kwa wakati, na Mkuu akasema anaweza kusogeza siku. Lakini Perpetua alituma ujumbe kwa jamaa wa bandarini: siku isisogezwe, atakuja.

Jumatano nilifika mapema. Nilikuwa na kopo dogo la mafuta ya mgando ya mke wangu, yale yenye harufu ya waridi. Karoni nikajipaka kiganja cha kulia, kidogo tu, nikasugua yakaingia. Halafu nikautazama mkebe wa majivu. Ulikuwa na majivu ya kunawa mtu mmoja au wawili. Nikaficha mkebe nyuma ya mlango, nikasimama juu ya ngazi.

Perpetua akapanda akiwa na nguo za msibani, kitambaa cheusi kichwani, vumbi la safari viatuni. Wenzetu wawili walikuwa ndani. Wakasema, "Pole dada Perpetua, pole sana," kila mmoja kutoka mezani kwake. Mkuu akatoka ofisini akasema, "Pole mama. Mungu ampumzishe." Naye mikono nyuma, ndiyo mwiko wetu.

Mimi nikamfuata pale mlangoni. Nikamnyooshea mkono. "Pole sana dada. Pole na msiba."

Akautazama. Nilidhani ataukataa, na alikuwa na haki, na mwiko ulikuwa upande wake. Lakini nani anaukataa mkono wa pole mbele ya watu? Niliyapiga mahesabu hayo tangu Jumatatu. Akanipa mkono wake, nikaushika kwa nguvu, kwa muda mrefu, kama ndugu. Akasema, "Asante kaka Mabula."

Nikaenda karoni, nikautoa mkebe nilikouficha, nikanawa kwa majivu yaliyobaki, mkebe ukabaki mtupu.

Mkuu hakusema neno juu ya mkono ule. Nadhani aliona aibu kukemea pole. Tukaanza. Nilivuta zangu bila shida. Meza ya pili Perpetua alikuwa anafuta kiganja kwenye sketi, anavuta, anasimama, anafuta tena. Baadaye nikaona mkono wa kulia umekaa kama kigingi tu, wa kushoto ndio unaofanya kazi yote. Mtu wa mkono wa kulia kuvuta pamba kwa mkono wa kushoto ni kama kuandika barua kwa mguu.

Mkuu akamsogelea. "Mkono una nini?"

Nikaacha kuvuta. Nikasema sasa basi, nimekwisha.

"Hauna kitu, mzee," akasema Perpetua.

"Tusogeze siku?"

"Hapana, mzee. Namalizia."

Mimi nilikosea moja. Yeye alikosea tatu. Tatu! Mwenye mafuta mkononi, hajalala, ametoka makaburini. Mkuu akafungua kabati, akalinganisha, akakaa muda mrefu na kalamu. Kisha akasema kanuni ni kanuni, nafasi ni ya Mabula. Perpetua akasema, "Hongera kaka," kwa mdomo, kutoka mezani kwake.

Barua zetu Mkuu aliziandika kwa mkono, akanipa mimi nizipeleke kwa karani wa taipu. Nilizisoma ngazini. Yangu ilisema nimeteuliwa, na kwamba mimi ni mtu mwangalifu. Mwangalifu! Yake ilikuwa barua ya kumpunguza kazi, mistari mitatu, na mstari wa nne, kwa wino uleule, lile neno.

Jamani, wivu ulinipanda pale ngazini kuliko siku zote. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na cheo, dirisha, na kalamu ya wino ingekuwa yangu Mkuu akistaafu. Nami nilikuwa namwonea wivu mtu aliyefukuzwa.

Nilikaa katika chumba kile miaka mingine kumi na kitu. Kalamu ile niliitoa mara mbili tu, na mara zote mbili niliirudisha mfukoni bila kuliandika lile neno. Mwishoni ikaletwa mashine, unaiwekea pamba inakutajia nguvu yake kwa tarakimu, haina haja ya sikio wala majivu. Mashine haikunichukiza. Niliiona kama mtu asiye na maisha ya nyuma. Siku niliyostaafu wafanyakazi vijana walinizunguka kunipa mikono, maana mwiko ulikuwa umeshakufa na wao hata hawakuujua. Niliipokea yote, mmoja mmoja, na kila kiganja nilikisikia.

Wiki iliyofuata nikapanda kivuko kwenda Kamanga. Nilikuwa nimeambiwa Perpetua anaishi upande ule, analima pamba yake na kuwafundisha kina mama wa kikundi kutenga safi na fifi kwa mikono, kama zamani. Nilimkuta uwanjani kwake, amekaa kwenye kigoda, mbele yake mkeka umejaa pamba. Nywele nyeupe. Mgongo ulikuwa bado umenyooka.

"Karibu kaka Mabula," akasema, kana kwamba nilitoka jana. "Umezeeka."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekomaa." Akacheka. Akaniletea kigoda na maji ya kunywa.

Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu ndani ya kivuko. Yote ikapotea. Nikasema, "Perpetua, siku ile ya mtihani, mkono niliokupa ulikuwa na mafuta. Niliyapaka makusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Yalikuwa yananukia waridi. Niliyasikia kabla hujafungua mdomo."

Yeye akaendelea kutoa fifi kwenye mkeka, akiitupa kwenye beseni lililokuwa kando yake, bila haraka.

"Sasa kwa nini ulinipa mkono wako? Mbona hukumwambia Mkuu?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mtu amenipa pole?" Akaokota fifi nyingine. "Nilimzika mama Jumapili. Nimekaa kwenye boti, nimepanda zile ngazi, wote mkaniambia pole kutoka mbali kama mimi ndiye mwenye ugonjwa. Mkono niliopewa ulikuwa wako tu, kaka. Nilijua una mafuta. Lakini nilikuwa nautaka."

Na mnajua kilichonijia kwanza, kabla hata ya aibu? Wivu. Mimi nilibeba lile jambo miaka yote hiyo likaniinamisha, yeye alilibeba likamkalia sawa tu, akaendelea kulima. Machozi ndiyo yakafuata, nikajifuta kwa mgongo wa mkono.

Baada ya hapo nilivuta kigoda karibu na mkeka. Nilisaidia kutenga pamba mpaka nusu ya mkeka. Alinikosoa mara mbili, na mara zote alikuwa sahihi.

Honi ya kivuko ilipolia nikasimama. Naye akasimama, akanyoosha mkono wa kulia, mkavu, una vumbi la pamba. Kabla sijaupokea niliutazama wa kwangu, juu na chini, nikaufuta kwenye suruali, nikaufuta tena.